Maswali Yenu ya Lishe: Kabla ya Kuuliza Ale Nini, Tuangalie Anakulaje

SWALI: Habari dada, mwanangu ana miaka 4, ana mtindio wa ubongo, kukaa mwenyewe hawezi. Kumlisha inachukua saa nzima na bado mwembamba vilevile, akinywa maji anapaliwa anakohoa mpaka machozi ila chakula kizito kizito anameza afadhali. Ndugu wananiambia nimlaze tu nimmiminie ashibe. Nimpe chakula gani anenepe?

JIBU: Pole sana mama, na hongera pia maana saa nzima kila mlo sio mchezo. Ya chakula gani tutafika, ila kwanza hilo la kumlaza hapana, hapana kabisa. Ndugu wanakutakia mema lakini mtoto akilishwa amelala chali chakula kinateleza kinaingia njia ya hewa kabla hajajiandaa kumeza, ndo unakuta nimonia inarudi kila mara na watu wanasema mtoto ana kifua. Afu kuna wasiokohoa hata kidogo, kinaingia kimya kimya, wewe unasikia tu sauti imekuwa ya majimaji au anahema vibaya baada ya kula.

Mkalishe wima, nyonga na magoti yakunjwe, miguu iwe na pa kukanyaga hata kama ni boksi, kichwa katikati na kidevu kiiname kidogo. Wewe nawe kaa usawa wa macho yake, ukisimama atainua kichwa kukutazama na hapo ndo anapopaliwa. Kijiko kiwe kidogo na bapa, usiongeze mpaka umeona amemeza. Akishamaliza asilale hapohapo, abaki wima kama nusu saa hivi.

Maji yanampalia kwa sababu yanakimbia haraka kuliko koo lake linavyoweza kuyadhibiti. Wengine husaidiwa kwa kufanya kinywaji kiwe kizito kidogo, lakini uzito gani unamfaa aamue mtaalamu anayepima umezaji, usibahatishe, na usimnyime maji kwa kuogopa maana atafunga choo na mtoto aliyefunga choo hamu ya kula ndo inaisha kabisa.

Sasa kunenepa. Tumbo lake halibebi kingi kwa hiyo tunaongeza nguvu bila kuongeza wingi, gramu 1 ya mafuta ina kalori 9 wakati ya wanga au protini ina 4, kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia ni kama kalori 40 na ukichanganya kwenye chakula chake hata hakionekani. Weka na yai lililoiva vizuri ukalisaga, maharage yaliyopondwa, samaki asiye na miba. Milo midogo 5 au 6 ni bora kuliko mitatu ya kupigana, na mlo ukizidi dakika 30 kila siku kamwambie daktari, usione ni kawaida, huko kula kwenyewe kunammalizia nguvu. Apimwe uzito kila mwezi. Wakikutajia mrija wa kulishia tumboni usikasirike, haumaanishi umeshindwa kumlea, wapo wanaoendelea kuonja chakula kwa mdomo huku wana mrija. Na kama anatumia dawa za kifafa uliza habari ya vitamini D, baadhi ya dawa hizo zinaipunguza mwilini.

SWALI: Kijana wangu wa miaka 6 ana usonji, anakula wali mweupe, mkate na tambi basi. Nimeambiwa nimwachishe ngano na maziwa atachangamka, ni kweli?

JIBU: Baba, ushahidi wa hilo ni dhaifu mno, mimi nisingeanza nalo. Hebu fikiria, ukimwondolea mkate na tambi anabaki na nini? Kama vipimo vimeonyesha mzio au ugonjwa wa siliaki, yaani utumbo unaoumizwa na ngano, hayo mengine. Kinachomkataza mara nyingi ni jinsi chakula kinavyokuwa mdomoni au harufu yake, wala sio jeuri. Kitu kipya kiweke pembeni ya anachokipenda, kidogo sana, asilazimishwe hata kukigusa, inaweza kufika mara 10 au 15 kabla hajaonja. Na usimfiche kitu ndani ya wali wake, akigundua utakuwa umempoteza na kwenye wali. Fizi zikianza kutoa damu, au akalalamika miguu na kukataa kutembea, mpeleke haraka na uwaeleze anachokula, watoto wasiogusa matunda wala mboga wanaweza kupungukiwa vitamini C mpaka ikafika huko.

SWALI: Binti ana Down sindromu, ile hali ya kuzaliwa nayo, miaka 9, haonekani kula sana ila ananenepa tu. Kwa nini?

JIBU: Mwili wake ukiwa umetulia hutumia nguvu kidogo kuliko wa wenzake, kwa hiyo sahani ya kawaida kwake inaweza kuwa nyingi. Ila kabla hujapunguza chochote apimwe homoni za tezi la shingo, kwa watoto wenye Down sindromu mara nyingi linafanya kazi kivivu na uzito huwa dalili mojawapo. Vipimo vikiwa sawa anza na soda na juisi, maji yachukue nafasi, na mwalimu wake aombwe zawadi ya kufanya vizuri iwe stika, isiwe biskuti.