Jingo za redio za zama za Moog: sauti imo kwenye filta na wembe, si kwenye wingi wa moduli

Mkuu, umeuliza kwa nini jingo (muziki mfupi wa kutambulisha kituo) unayoitengeneza kwenye VCV Rack, programu ya sinthesaiza ya moduli kwenye kompyuta, kwa oskileta mbili (moduli zinazotoa mlio), filta moja (inayokata sehemu ya mlio) na kinanda inatoka kama simu ya mezani, wakati zile za redio za Marekani na Uingereza za miaka ya 60 na 70 zinatoka nene na zimejaa. Wadau wawili kwenye mjadala huu wamekushauri uongeze moduli. Usiongeze kitu kwanza. Ulichonacho kinatosha, ila umekiunganisha vibaya na unarekodi mara moja tu.

Anza na filta. Moduli ya ADSR ya VCV ni envelopu, yaani volti inayopanda na kushuka kwa kila noti: A ni muda wa kupanda, D wa kushuka, S kiwango inapokaa, R muda wa kuzimika. Inatoa volti 0 hadi 10. Ukiichomeka kwenye filta na kufungua nobu ya CV (kiasi cha volti hiyo kinachoingia) hadi 100%, unaiambia filta ipande oktava 10, kwa kuwa kila volti moja ni oktava moja. Kutoka 150 Hz, oktava 10 zinakufikisha juu ya 150,000 Hz, na sikio la binadamu linakomea kama 20,000. Filta inabaki wazi sehemu kubwa ya noti, na unachosikia ni mkwaruzo mtupu wa wimbi la msumeno. Hiyo ndiyo simu yako. Rudisha nobu hadi 40%, yaani oktava 4, kutoka 150 hadi 2,400 Hz. Utasikia "twaau", sauti ikifunguka na kufumba kama mdomo. Filta ya Moog, sinthesaiza ya moduli ya zama hizo, ile 904A, inakata desibeli 24 kwa kila oktava, na ukali huo wa kukata ndio unaofanya huko kufunguka kusikike. Filta inayokata 12 haitakupa mdomo huo hata uizungushe vipi.

Kisha tumia ADSR mbili. Kosa hili nalikuta karibu kila pachi (mpangilio wa moduli na waya) inayoletwa humu: envelopu moja inaendesha filta na ukubwa wa sauti kwa pamoja, na noti inakufa kabla mkia wake haujasikika. Kwa filta weka A milisekunde 5, D 300, S sifuri. Kwa ukubwa wa sauti weka A milisekunde 2, D 700, S sifuri, R 200. Filta inafunga kwanza, na kinachobaki ni mkia mzito na wa giza unaozimika taratibu. Usiweke A kwenye sifuri kabisa, utasikia "tik" mwanzoni mwa kila noti, hasa za chini.

Ukitaka tarumbeta badala ya mlio huu wa kengele, geuza mambo: filta A 70, ukubwa wa sauti A 20, S ya zote mbili karibu 60%. Tarumbeta halisi hung'aa baada ya pumzi kushika, na huko kuchelewa kwa filta ndiko kunakodanganya sikio. Ukizidi 100 inakuwa kama mtu anapiga miayo.

Oskileta ya pili isogeze senti 8 kutoka ya kwanza (senti 100 ni nusu-toni moja). Kwenye 440 Hz unapata mapigo mawili kwa sekunde, mazuri. Ila senti 8 zilezile kwenye 110 Hz ni pigo moja kila sekunde mbili, na jingo nzima ina sekunde tatu. Ikitokea noti ya kwanza ya besi imeangukia bondeni, pale pigo linapofifia, besi inapotea na wewe unadhani filta ndiyo mbovu. Kwa besi sogeza hadi senti 16, kisha rekodi mara tano uchague moja. Oskileta zisizofungwa pamoja haziingii kwa namna ileile mara mbili.

Sasa unene. Sinthesaiza za Moog za wakati ule zilikuwa zinapiga noti moja kwa wakati. Akodi ya sauti nne ilitaka kurekodi mara nne kwenye tepu yenye njia nyingi. Mwanamuziki Wendy Carlos alitengeneza albamu ya *Switched-On Bach* (1968) hivyo hivyo, mstari kwa mstari kwenye mashine ya njia 8, na katikati ilibidi kuhakiki toni tena na tena kwa sababu oskileta za Moog, zile 901, zilikuwa zinahama toni. Sababu ya kuhama ni transista zinazogeuza volti kuwa masafa: kipimo chake hubadilika kama theluthi moja ya asilimia kwa kila digrii ya joto. Inaonekana ndogo, lakini oktava tatu kutoka ulipotunia ni senti 12 kwa digrii moja tu. Ndiyo maana mashine halisi huwashwa nusu saa au zaidi kabla ya kutuni, na ukifungua dirisha unaanza upya. *Phaedra*, albamu ya kundi la Tangerine Dream (1974), ina mahali ambapo mhamo huo unasikika, nao wakauacha.

Oskileta ya VCV haihami, kwa hiyo fanya kwa mkono. Kila mara unaporekodi sauti mpya ya akodi, sogeza nobu ya FINE ya oskileta senti 3 au 4, mara juu mara chini. Usitumie LFO (oskileta ya polepole ya kusogeza nobu) moja kwa zote. Zitahama pamoja kama kwaya iliyolewa chupa moja. Rekodi kila sauti peke yake kwa VCV Recorder, ambayo ni ya bure, kisha zipange kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti. Sauti nne za namna hii zinazidi moduli ya akodi ya bei yoyote.

Halafu kuna wembe, ule wa kukatia tepu, na hapa watu wengi wanachanganya. Jingo nyingi za Uingereza wanazoziita "za Moog" hazina Moog hata kidogo. Pale BBC Radiophonic Workshop, studio ya BBC ya sauti za umeme, John Baker alitengeneza ile ya Radio Nottingham, na David Cain ya Radio Sheffield, vituo vya mwishoni mwa miaka ya 60. Baker alisifika kwa kurekodi sauti kama ya chupa inayomwaga maji, kuibadilisha kasi ipate noti mbalimbali, kisha kuikata na kuiunganisha kipande kwa kipande. Tepu ikienda sentimita 38 kwa sekunde, noti ya robo sekunde ni sentimita 9.5 za tepu. Ukiikata kwa pembe ya digrii 45 kwenye tepu ya robo inchi, mkato wenyewe unachukua kama milisekunde 17. Hiyo ni envelopu tayari, bila moduli. Kwenye kompyuta weka mfifio wa milisekunde 15 hadi 20 kila unapounganisha, usikate wima, na usogeze baadhi ya vipande milisekunde 10 mbele au nyuma. Ukivipanga vyote kwenye gridi vinakuwa mlio wa saa ya kengele.

Mbinu nyingine ya tepu: piga kwa nusu ya kasi, kisha cheza kwa kasi kamili. Ngazi ngumu inatoka kama imepigwa na mashine. Ila kila kitu kinaruka oktava moja na muda unakatwa nusu, kwa hiyo wakati wa kurekodi zidisha mara mbili muda wote wa envelopu na ugawe kwa mbili masafa ya filta. Kwenye Audacity chagua kubadili kasi pamoja na toni.

Upande wa Marekani, Eric Siday wa New York, mtunzi wa alama za sauti za matangazo, alikuwa miongoni mwa wateja wa kwanza wa Moog. Mtunzi Suzanne Ciani alitumia Buchla, sinthesaiza nyingine ya moduli, kwa tangazo la Coca-Cola, chupa inafunguka na kinywaji kinamiminika, vyote vya umeme. Povu unaweza kulipata hivi: kelele nyeupe ipite filta inayokata chini ya 3,000 Hz, halafu envelopu fupi za milisekunde 10 hadi 30 zifyatuliwe bila mpangilio, mwanzoni nyingi kisha zipungue. Zisipopungua ni mvua.

Usimalizie kwenye hedifoni. Jingo nyingi za zama hizo zilisikika kwenye redio ya AM (mawimbi ya kati), ambako juu ya 5,000 Hz hapabaki kitu cha maana, na kwenye spika ndogo isiyoweza kutoa chini ya 150. Watunzi waliandika ndani ya dirisha hilo. Kata pande zote mbili usikilize kwa spika ya simu. Besi ikipotea, iongezee nakala yake oktava moja juu.

Kwa aliyeuliza kuhusu raki halisi ya mtindo wa Moog: envelopu yake ya 911 haifyatuliwi na volti 5 za Eurorack, mfumo wa moduli ndogo za siku hizi. Inafyatuliwa kwa kugusishwa na ardhi. Chukua transista ya NPN kama 2N3904, ingiza geti (volti ya Eurorack inayosema noti imebonyezwa) kwenye bezi kupitia rezista ya kilo-ohm 22, emita kwenye ardhi, kolekta kwenye tundu la kufyatulia. Ardhi za raki zote mbili lazima ziunganishwe kwa waya, la sivyo haitafyatuka na utashinda kutwa ukiilaumu envelopu.