Halmashauri saba, rangi sita: kwa vijana mnaoanza field

Kila vijana wapya wa field wakiingia hapa Mbeya, chati zilezile zinarudi. PowerPoint mnaijua, data mnaisafisha vizuri, ila rangi ama mnaiachia programu, ama mnapaka mhimili (nguzo ya chati) mmoja mmoja kwa mkono. Yote mawili yatawaumbua mbele ya madiwani.

1. Mkoa una halmashauri saba, seti ya rangi za mandhari (theme) ina nafasi sita za chati. Ukiweka Busokelo, Chunya, Kyela, Mbarali, Mbeya, Mbeya Jiji na Rungwe kila moja kama mfululizo wake (series), sita za mwanzo zinachukua Accent 1 hadi Accent 6, ya saba inapewa Accent 1 iliyokolezwa. Kwenye mandhari ya Office ya 2013 hadi 2022, Accent 1 na Accent 5 zote ni bluu. Basi Busokelo bluu, Mbeya bluu, Rungwe bluu. Aliyekaa nyuma anahangaika na ufunguo wa rangi mpaka slaidi inapita.

Nenda Design, bonyeza mshale wa Variants, kisha Colors, kisha Customize Colors. Badilisha hizo sita, ipe seti jina, hifadhi. Chati zote ambazo hazijaguswa kwa mkono zitabadilika papo hapo. Na kama majina ya halmashauri yameshaandikwa chini ya mihimili, rangi saba za nini? Moja inatosha.

2. Hili ndilo linalouma, na sijaona kundi lililolikwepa. Mnataka Kyela ionekane kwa sababu iko nyuma kwenye makusanyo ya mapato. Mnabofya mhimili mara moja, yote inachaguliwa, mnabofya tena, unabaki mmoja, mnaupaka nyekundu. Mpaka hapo sawa. Jioni bosi anasema, jamani, panga kuanzia kubwa kwenda ndogo. Mnafungua Edit Data, mnapanga upya, mnafunga, mnakwenda kulala. Nyekundu haikuhama na Kyela. Ilishika nafasi ya tatu, na nafasi ya tatu sasa ni ya Rungwe. Asubuhi mtoa mada anasema "hawa wenye nyekundu wajitafakari", na mkurugenzi wa Rungwe, ambaye makusanyo yake ni mazuri, anainua mkono. Hapo hakuna wa kuwaokoa, kwa sababu kila namba kwenye slaidi ni sahihi. Ni rangi tu iliyosema uongo, na ukumbi mzima umeshaisoma.

Fanyeni hivi. Safu A majina, safu B thamani za wengine wote, safu C ni ya Kyela peke yake. Kwenye B ya Kyela acha tupu, na kwenye C za wengine acha tupu. Thamani zote zirudieni safu D, nje ya mstari unaozungushia data ya chati. Bofya mhimili kwa kitufe cha kulia, Format Data Series, weka Series Overlap 100%, la sivyo mihimili itakaa upande upande na mapengo. Sasa C ipakwe rangi yake. Mkipanga, chagueni A mpaka D na mpange kwa D: mstari wa Kyela unahama mzima, na nyekundu inahama nao.

3. Ukibandika chati kutoka Excel kwa Ctrl+V, inavaa rangi za slaidi na kubaki imeunganishwa na faili la Excel. Ukitaka rangi za kule, chagua Keep Source Formatting.

4. Njano kwenye ukuta mweupe, pazia likiwa wazi, haionekani. Nyekundu na kijani zisitenganishe jema na baya peke yake, wapo wasiozitofautisha, hasa wanaume. Andika thamani juu ya mhimili. Chapa ukurasa mmoja kwa nyeusi na nyeupe, maana makabrasha ya kikao yanatoka hivyo.

5. Mkiipata chati nzuri, bofya kitufe cha kulia, Save as Template. Faili hilo la .crtx linabaki kwenye kompyuta uliyotumia, halisafiri na slaidi. Linakilini kwenye flashi kabla ya kuondoka.