Gari inamisi mara moja moja? Usinunue spea kabla hujajua inamisi lini

Gari ikimisi (injini inakatakata) muda wote fundi yeyote mwenye masikio ataikamata. Kazi iko kwa ile inayomisi ikijisikia. Leo inashtuka mara kadhaa kabla hujafika Buhongwa, kesho unaipeleka gereji inatulia kabisa, fundi anapiga resi pale anakwambia mbona iko poa boss, unamshukuru unaondoka, ukifika Mkolani inaanza tena. Hapo ndo watu wengi huku Mwanza wanamaliza hela, maana fundi asipoliona tatizo kwa macho yake anaanza kuotea. Toa plagi, ikigoma toa pampu ya mafuta, ikigoma safisha nozeli (vinyunyizio vya petroli), ikigoma tena utasikia hii ni giaboksi. Kila kinachotolewa unalipia wewe, na tatizo bado liko palepale.

Ya kwangu ilikuwa Toyota Spacio nyu modo, injini ya 1NZ-FE, gia otomatiki, niliinunua kwa mtu hapahapa mjini. Ilikuwa inafanya hivi: uko kwenye D, spidi 50 au 60 hivi, AC imewashwa, unapanda kamlima kadogo na mguu umekaa tu juu ya mafuta hujakanyaga sana, ghafla inashtuka kama mtu kaivuta shati kwa nyuma. Ukikanyaga zaidi gia inashuka na inakuwa kama hakuna kilichotokea. Taa ya injini haiwaki. Sailensa, yaani injini ikiunguruma gari imesimama, imetulia vizuri kabisa.

Kabla ya kumpa mtu hela yoyote nikafungua sehemu ya kuandikia kwenye simu, na kila ikishtuka nikisimama naandika. Injini ilikuwa baridi au ya moto, kuna mvua au kukavu, mafuta yamebaki kiasi gani kwenye tangi, nimejaza sheli ipi, AC iko on au off, spidi ngapi, nilikuwa nakanyaga au nimeshikilia tu. Inaonekana kazi ya kitoto ila naomba uifanye kweli, kwa sababu kichwa kinadanganya, unakumbuka siku mbaya tu na unasahau zile siku ilizotembea vizuri. Baada ya muda yangu ikajieleza yenyewe: karibu mara zote ilikuwa asubuhi yenye unyevu au siku ya mvua, na karibu mara zote ni mlimani. Kiasi cha mafuta hakikuhusika, sheli haikuhusika, na barabara tambarare ya kwenda airport kule Ilemela ilikuwa haishtuki kabisa.

Kitu cha pili ni kuisikiliza inavyofanya, na hapa ndipo ningependa kila mwenye gari mtumba atulie kidogo. Kuna kushtuka na kuna kulegea. Moto wa plagi ukikatika unakatika hapohapo, gari inatikisika kwa kishindo kifupi kikali na inarudi hapohapo. Petroli ikipungua haikatiki hivyo, gari inalegea taratibu, unakanyaga haivuti, inakuwa nzito, halafu nguvu zinarudi polepole. Sio sheria ya msahafu, nozeli yenye waya mbovu nayo inaweza kushtua, ila itakuonyesha uanzie upande gani. Ya kwangu ilikuwa inashtuka, tena kwa ukali, kwahiyo nikaanzia kwenye umeme.

Fundi wa kwanza alisema giaboksi. Simlaumu sana kwa kuwaza hivyo maana ikiwa spidi ile kwenye gia ya juu, konveta ya otomatiki (kile kinachounganisha injini na giaboksi) inakuwa imejifunga na injini inabeba mzigo ikiwa kwenye mzunguko mdogo, kwahiyo konveta ikiwa na shida inatetemeka palepale ambapo plagi inamisi. Vinafanana sana. Lakini ziko namna za kuvitofautisha kabla hujashusha giaboksi. Kwanza zima O/D (gia ya juu, kwa kitufe chake) halafu upande mlima uleule kwa spidi ileile uone kama mtetemo unabadilika. Pili, ikiwa inatetemeka gusa breki kidogo tu bila kuachia mafuta, hapo konveta inafunguka. Mtetemo ukiisha hapohapo kila unapogusa, konveta ina kesi ya kujibu. Ukiendelea kusikia vishindo hata baada ya hapo, rudi kwenye injini. Fanya hivi barabara ikiwa wazi na hakuna mtu nyuma yako, sio katikati ya daladala za Igoma. Ya kwangu iliendelea kushtuka.

Basi tukafungua bonneti. Hizi 1NZ-FE zina koili nne (ndo zinazotengeneza umeme wa moto wa plagi), kila plagi na koili yake juu yake, hakuna zile waya ndefu za zamani. Koili ya kwanza ikatoka safi, ya pili safi. Ya tatu ilipotoka, ule mpira wake mrefu unaoingia kwenye tundu la plagi ulikuwa umelowa oili mpaka katikati, umelainika, na ukiukunja taratibu juani unaona ufa mwembamba kama unywele. Tukatoa plagi yake. Kwenye ile sehemu nyeupe ya kauri kulikuwa na mstari wa kijivu-mweusi umeshuka kuanzia juu mpaka kwenye chuma, mwembamba, kama umechorwa kwa penseli. Ukikuta mstari huo ujue moto umekuwa ukitoroka pembeni badala ya kuruka pale kwenye ncha. Injini ikibeba mzigo mgandamizo ndani ya silinda unapanda na koili inahitaji volti nyingi zaidi ili moto uruke, kwahiyo moto unatafuta njia rahisi, na siku yenye unyevu njia rahisi ni ule ufa. Ndio maana mlimani, ndio maana asubuhi, na ndio maana gereji kwenye sailensa haikuonekana kitu.

Hata hapo hatukununua kitu bado. Kuna fundi mmoja ana mashine inayosoma Toyota za Japani vizuri, tukaipima, kukawa na kodi (namba ya kosa) ya P0303 inayosubiri, yaani silinda ya 3 imemisi ila bado taa haijawashwa, kwa sababu mara nyingi kompyuta inasubiri kosa lijirudie kwenye safari ya pili ndo iwashe taa. Tukaifuta, tukahamisha koili ya 3 kwenda silinda ya 1 na ya 1 ikaja 3, hakuna kingine kilichoguswa, halafu nikasubiri asubuhi ya mvua nikapanda nayo kilima cha Bugando. Kodi iliyorudi ilikuwa P0301. Kosa limehama na koili. Hapo sasa unatoa hela ukijua unalipia nini. Na kuhamisha ni bure.

Angalizo kuhusu vile vidude vya bei rahisi vya Bluetooth vya kusomea makosa ya gari: gari nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani miaka ya mwanzo ya 2000 havikubali kuunganika nazo, au vinaunganika halafu havisomi vitu vyote. Kikikwambia hakuna kosa usikiamini moja kwa moja.

Nilibadilisha koili moja, plagi zote nne, na sili za matundu ya plagi maana oili ilikuwa inavuja kutoka kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), ukiiacha itakula mpira mpya vilevile. Plagi yenye ule mstari usiirudishe hata kama inaonekana bado nzima, itaharibu koili mpya. Kuhusu plagi zenyewe, mjini hapa feki zimejaa na boksi lake linafanana kabisa na orijino. Zile za Denso na NGK ambazo namba yake inaishia na 11, maana yake ncha imeachwa milimita 1.1, mwambie muuza spea akupe kipimo upime palepale dukani. Zikitofautiana zenyewe kwa zenyewe ndani ya boksi moja, ziache.

Sasa ile inayolegea ni habari nyingine. Jirani yangu hapa Nyegezi ana Probox, injini ileile, anaenda Sengerema mara kwa mara. Zamani pale Kigongo ulikuwa unasubiri kivuko, gari inazimwa inapumzika. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 anapita moja kwa moja, na gari ikaanza kulegea ikishatembea muda mrefu bila kusimama, akisimama akapumzika kidogo inarudi. Akalaumu petroli. Ilikuwa pampu, ikipata moto shinikizo la petroli linashuka. Injini hii inatakiwa ipate PSI 44 mpaka 50 hivi, na lazima upime ikiwa imeshatembea na imechemka, ukipima asubuhi gereji inakupa namba nzuri tu. Kabla ya kununua pampu pima pia umeme unaofika kwenye soketi yake, ambayo kwa gari nyingi ndogo za Toyota iko chini ya siti ya nyuma, na kama gari inabeba samaki na maji ya barafu yanatiririka mle ndani, hiyo soketi ndo ya kuangalia kwanza kabisa. Na acha tabia ya kutembelea taa ya mafuta. Petroli ndo inayoipoza pampu.

Upande wa hewa nitapita haraka. Mipira ya vakyumu iliyopasuka mara nyingi inasumbua zaidi kwenye sailensa na inapungua ukipiga resi. Sensa ya kupima hewa ikishika vumbi la barabara zetu inafanya gari isite pale unapokanyaga ghafla, isafishe kwa spirei yake maalum tu, usiiguse kwa kidole wala pamba, ule waya wa ndani ni mwembamba sana. Masega ya ekzosi (yale ya kusafisha moshi) yakiziba gari inakosa nguvu ukitaka spidi, haishtuki.

Na kuna watu wanaoleta gari kutoka Dar wanasema ikifika huku inakuwa nzito. Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini isiyo na tabo inapoteza kama sehemu ya kumi ya nguvu zake. Hiyo ni kila siku na kila barabara, haiji na kuondoka, kwahiyo usimruhusu fundi akubadilishie kitu kwa sababu hiyo.

Ila taa ya injini ikianza kuwaka na kuzima haraka haraka huku gari inatikisika, hapo usiendelee kuandika kwenye simu. Achia mafuta, nenda taratibu, ikiwezekana simama, kwa sababu petroli isiyoungua inaenda kuungulia kwenye masega na yatayeyuka.

Kwa anayeenda kununua, mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Shika bonneti kwa mkono, ikiwa ya moto rudi siku nyingine asubuhi. Ikiwa baridi iwashe wewe, washa AC, tafuta mlima, panda kwenye D kwa spidi 50 ukiwa umegusa mafuta kidogo tu, redio imezimwa. Ukirudi omba utoe koili hata moja uangalie kama kuna oili ndani ya tundu. Ni boliti moja tu na spana ya soketi.