Jani Lipi Limeanza?

Maswali yenu ya bustani safari hii karibu yote ni ya sukuma wiki, chainizi na kabichi, na karibu wote mmeuliza niwatajie mbolea. Wengi hamkuniambia rangi ilianza kubadilika jani gani, la chini au la juu. Ilibidi niwapigie simu wanne kuuliza hilo tu.

Nimepanda sukuma wiki kwenye viroba vibarazani. Mwezi wa kwanza ilistawi, sasa inageuka njano na majani mapya ni madogo. Niongeze mbolea? (Kimara, Dar es Salaam)

Kwenye simu umesema njano inaanzia chini na jani linageuka lote, hadi mishipa. Hiyo ni njaa ya naitrojeni: ikipungua, mmea huihamisha kutoka majani ya zamani kupeleka kwa machanga. Kiroba nacho kina udongo kidogo, na kila unapomwagilia mpaka maji yakatiririka sakafuni, chakula kinaondoka nayo.

Lakini kwanza chomeka kijiti kirefu hadi chini ya kiroba. Kikitoka kikavu, maji yanaishia juu na mizizi ya chini ina kiu, kwa hiyo mbolea haitakusaidia. Kikitoka na unyevu, yeyusha kijiko kimoja cha chai cha urea kwenye ndoo ya lita 10, umwagilie kwenye udongo, urudie baada ya wiki mbili. Majani yaliyokwisha kuwa njano hayatarudi kijani, yachume. Angalia yale mapya.

Samadi ya kuku iliyooza inafaa pia. Nasema iliyooza. Mwaka wangu wa kwanza wa bustani nilizungushia mashina ya chainizi samadi mbichi jioni moja, nikalala nimefurahi. Siku ya tatu kingo za majani zilikuwa kahawia, zinavunjika vidoleni kama kaukau.

Chainizi yangu ina majani machanga ya njano lakini mishipa ni ya kijani. Naweka majivu kila Ijumaa na hali inazidi. (Makunduchi, Unguja)

Acha majivu leo. Udongo wa huko umekaa juu ya mawe ya matumbawe, yaani tayari una chokaa nyingi, na majivu yanaongeza kilekile. Madini ya chuma yamo ardhini, ila udongo wa namna hiyo huyafunga mizizi isiweze kuyanywa. Chuma hakihamishwi kutoka majani ya zamani, ndiyo maana wanaoumia ni wachanga. (Ingekuwa majani ya chini ndiyo yenye njano kati ya mishipa, ningeshuku magnesiamu.) Nyunyizia busta (mbolea ya maji ya majani) yenye chuma kwenye majani, jioni jua likishapoa, na tuta lijalo ulichanganye na mboji ya kutosha. Majivu wape jirani mwenye udongo mwekundu wenye tindikali, kama unaye.

Kabichi zina madoa ya njano pembeni mwa jani. Nimeweka mbolea ya CAN mara mbili, yanaongezeka tu. (Lushoto)

Hili ndilo lililonikosesha raha. Ulinitumia picha, na doa lina umbo la herufi V: mdomo uko ukingoni mwa jani, ncha inaelekea katikati, na ndani yake mishipa imekuwa myeusi kama imechorwa kwa kalamu. Njaa ya mbolea haichori V. Nilikuomba ukate shina la mche mmoja kwa kisu, ukaona duara jeusi ndani. Huo ni uozo mweusi, ugonjwa wa bakteria, na mmea ulioupata hauponi. Dawa za kopa, yaani za madini ya shaba, hupunguza kasi ya kusambaa tu.

Ng'oa iliyougua, uichome au uizike mbali, usiitupe kwenye mboji. Usipite katikati ya kabichi majani yakiwa na umande, maana bakteria husafiri na maji na nguo zako. Mwagilia chini, si juu ya majani. Halafu eneo hilo lipumzike na ukoo mzima kwa miaka miwili au mitatu: kabichi, sukuma wiki, chainizi, figiri, loshuu, brokoli, wote ni ndugu. Panda maharage, karoti au vitunguu.

Umesema mbegu ulijikamulia mwenyewe. Ugonjwa huu husafiri ndani ya mbegu. Wataalamu huzitibu mbegu za kabichi kwa maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25 hivi, ila moto ukizidi kidogo zinakufa, ukipungua bakteria wanapona. Kama huna kipimajoto, nunua pakiti yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu Tanzania.

Niko Uingereza. Sukuma wiki yangu inanyauka mchana, jioni inasimama tena, na haikui. (Reading)

Ng'oa mmoja uangalie mizizi. Ikiwa imevimba mfano wa vidole vya tangawizi, ni ugonjwa wa mizizi kuvimba ambao wakulima wa huko wanaufahamu sana. Vimelea vyake vinaweza kukaa ardhini hadi miaka 20. Ongeza chokaa, maana vimelea hivyo hupenda udongo wenye tindikali, otesha miche kwenye vikopo hadi iwe na mizizi mingi, na osha viatu kabla ya kuingia kwenye bustani ya mwenzio.

Majani yamejikunja, ndani kuna kitu kama majivu. (Morogoro)

Ni vidukari. Geuza jani, utawaona wanatembea. Minya waliopo, kisha nyunyizia maji ya sabuni hadi chini ya jani. Ukimkuta mdudu kibibi mwekundu mwenye madoa, mwache, anawala.

Miche imekuwa ya zambarau tangu Juni. (Njombe)

Baridi. Mizizi ikipoa hushindwa kuvuta fosforasi hata kama ipo. Subiri joto lirudi. Kama Oktoba bado ni zambarau, hapo zungumzia DAP, mbolea yenye fosforasi.

Kabichi yangu ina majani makubwa mazuri lakini haifungi. (Mbagala, Dar es Salaam)

Hukuikosea. Kabichi inapenda nyuzi 15 hadi 20, na wewe umepanda Desemba. Otesha Aprili, uhamishe Mei, ikutane na ubaridi wa Juni hadi Agosti. Hizo ulizonazo chuma majani, uyakaange na nazi.