Mdogo wangu namshuku kwa wizi, na mwingine ameshikwa: nimsitiri?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Duka analofanyia kazi mdogo wangu wa kiume limeibiwa usiku, na mlinzi ndiye aliyekamatwa. Nilipokuwa nakusanya nguo za kufua, nikakuta ndani ya begi la mdogo wangu simu tatu mpya, bado zimo kwenye maboksi. Usiku ule hakulala nyumbani. Baba mkubwa anasema nikiulizwa niseme alilala hapa, kwani mwenye kumsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri. Mama analia tu. Nikinyamaza nina dhambi? Na shaka yangu hii si dhana mbaya?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Pole, dada yangu. Umetwishwa mzigo usio wako, na aliyekuzidishia uzito ni mtu aliyekusomea hadithi sahihi mahali pasipo pake. Nianze na yeye.

Hadithi ya kusitiri ameipokea Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi. Imamu Nawawi alipoisherehesha aliiwekea mipaka: husitiriwa mtu asiyejulikana kwa ufisadi, tena kwa kosa lililokwisha pita. Na Hazzal, aliyeambiwa na Mtume (s.a.w.) kwamba lau angemfunika Maiz, mtu aliyekuja kukiri zinaa, kwa nguo yake ingekuwa bora kwake, alikuwa mbele ya dhambi baina ya mja na Mola wake. Hakuna mtu mwingine aliyelala rumande kwa ajili ya Maiz! Kwenu kuna mwenye duka aliyepotelewa na mali, na kuna mlinzi ambaye huenda hana kosa. Sitara gani hiyo, ya kumvua mmoja ili afunikwe mwingine?

Isitoshe, baba mkubwa hakukwambia unyamaze tu. Amekutaka useme uongo. Mtume (s.a.w.) alipokuwa akitaja madhambi makubwa kabisa alikuwa ameegemea, alipofika kwenye ushahidi wa uongo akainuka akakaa, akalikariri neno hilo mpaka Maswahaba wakatamani anyamaze. Wapo pia wanaoshika "msaidie ndugu yako akiwa dhalimu au amedhulumiwa" wakaukata mwisho wake. Mtume (s.a.w.) aliulizwa, dhalimu tutamsaidiaje? Akajibu: kwa kumzuia asidhulumu.

Tena jambo lenu hili lilikwisha tokea Madina. Tirmidhi amepokea kwamba ghala ya Rifaa bin Zayd ilitobolewa usiku, ukaibiwa unga na silaha. Shaka ikawaangukia Banu Ubayriq, nao wakamsingizia Labid bin Sahl, mtu mwema. Kisha jamaa zao wakakusanyika kwenda kuwatetea kwa Mtume (s.a.w.), na utetezi wao ulielekea kufaulu, hata Qatada bin Nuuman, mtoto wa kaka yake Rifaa, akakemewa kwa kuwatuhumu watu bila ya ushahidi. Ndipo zikashuka aya za Suratun Nisaa, kuanzia ya 105: usiwe mtetezi wa wenye kufanya hiyana. Aya ya 112 inamtaja anayetenda kosa kisha akamtupia asiyekuwa nalo. Baba mkubwa azisome kabla hajakusomea tena kitu.

Sasa shaka yako. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat inakataza dhana isiyo na msingi, na inakataza kupeleleza. Wewe hukupeleleza, ulikuwa unafua. Lakini ulichokiona ni dalili, si hukumu. Unajua simu zilikuwemo na kitanda kilikuwa kitupu. Hujui zimetoka wapi, wala ni za nani. Basi usimwite mwizi, hata mbele ya mama, wala usiende kwa mpiga ramli "kuhakikisha". Anayemwendea na kumuuliza, sala zake hazikubaliwi siku arubaini.

Andika leo ulichokiona kwa macho yako, siku na saa, na ulichoambiwa ukiandike mbali. Usizihamishe simu wala usizirudishe dukani mwenyewe, maana utajiingiza kwenye kesi na utaharibu dalili ambayo huenda ndiyo itakayomtoa mlinzi. Usizitumie, wala usikubali pesa yake usiyoijua itokako.

Zungumza naye faraghani, mama asiwepo, kwa sababu mbele ya mama atakana na kukana huko kutamfunga asiweze kurudi nyuma. Mwambie: nimeona simu tatu, na usiku ule hukuwepo, nieleze. Kisha nyamaza umsikilize. Nabii Yaakub alipoletewa kanzu yenye damu ya uongo aliwaambia wanawe waziwazi kwamba nafsi zao zimewashawishi jambo, na hakuwafukuza. Ukihofia atakupiga, awepo mtu mzima mwenye hekima.

Akikiri, toba yake haitimii bila kurudisha mali. Iliyokwisha uzwa ailipe thamani yake. Kwa kawaida mtu aweza kurudisha kupitia mtu mwingine bila kujitaja. Hapa haitoshi, kwa kuwa mwingine yumo ndani kwa ajili hiyo. Aende mwenyewe akaeleze, pamoja na wakili na mtu wa familia. Mwenye duka akisamehe mali yake, ni haki yake, ila msamaha wake peke yake haumfungui mlinzi.

Akikana, au akiahidi na siku zikapita, muda wako ni mfupi: kila siku ni siku ya mtu mwingine kifungoni. Peleka ulichokiona, hicho tu, bila kuongeza neno "mwizi". Aya ya 135 ya Suratun Nisaa imetaka tusimame na haki ijapokuwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Kunyamaza ukiwa unajua unachokijua, naye mlinzi anateseka, ndiko kwenye dhambi uliyoniuliza.

Mama mwambie mapema kwamba utakwenda, asisikie kwa majirani. Udugu haukatiki: mdogo wako akifungwa, mtembelee. Na mlinzi akitoka, naona familia ina wajibu wa kwenda kumwomba radhi, na mdogo wako amfidie ujira aliokosa siku zote alizokaa ndani.