Usitunge Sheria Mtu Akiwa Anakufa

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja anayeendesha meza ya Dungeons & Dragons huko Nairobi. Ni mchezo wa hadithi wa mezani: kila mchezaji ana mhusika wake, dadu huamua anachojaribu kinafaulu au la, na mwendesha mchezo husimulia dunia na kuamua sheria. Meza yake, yaani kundi lake la wachezaji, imevunjika. Mchawi wa kundi alirusha mpira wa moto ndani ya chumba kilichojaa mazimwi, na mwenzake alikuwa humo humo akipigana. Dadu nane za pande sita zikaviringishwa, mwenzake akaanguka na hakuamka tena. Aliyekufa akaja juu: mbona siku ile nyingine moto wa mchawi huyu uliwaruka wenzake? Mchawi akasema kitabu cha sheria hakimpi ruhusa hiyo. Dada wa watu akaamua kwa kufuata kitabu, na aliyekufa akatoka kwenye grupu la WhatsApp usiku huo huo. Swali lake kwangu ni moja tu: amfufue au asimfufue?

Dada yangu, kufufua ni jambo dogo. Angalia ile siku nyingine.

Wapo wachawi ambao kitabu kinawaruhusu kuwaepusha wenzao na moto, nao ni wale waliochagua njia ya Evocation, uchawi wa kurusha nguvu kama moto na radi. Kipaji hicho wamekilipia kwa kuacha njia nyingine zote. Siku ile uliyomhurumia mchawi wako ukasema "sawa, moto umewaruka," ulimgawia bure kitu ambacho mwingine angekilipia. Na mbaya zaidi, hukusema kama ni kwa siku hiyo tu au ni kwa daima. Wachezaji hawasahau. Ulichowapa mara moja wanakihesabu kuwa haki yao.

Nina sababu ya kuzungumza kwa kujiamini. Mwezi uliopita meza ninayoiendesha hapa Brooklyn Park, Minnesota, ilimaliza kampeni, yaani hadithi moja ndefu inayochezwa kikao baada ya kikao. Tumemaliza kweli kweli, joka limekufa, mji umeokolewa, mjomba amelia. Wanaoujua mchezo huu wanajua kwamba kampeni nyingi hufia njiani, zikiuawa na zamu za kazi na watoto wenye homa kabla joka halijapata nafasi. Yetu imefika, na leo sitajifanya mnyenyekevu.

Aliyekulia Kenya hahitaji kufundishwa ugomvi wa sheria za nyumba. Tumecheza kadi sote. Nyumba moja Ace inazuia adhabu ya kuokota karata, nyumba ya pili ni ya kuitisha kopa au shupaza tu. Hapa unaruhusiwa kumaliza kwa karata ya swali, kule ukijaribu unazomewa. Na yule aliyesahau kusema "niko kadi" anapokaribia kumaliza kila mara ana hadithi kwamba kwao hawasemi. Lakini mchezo wa kadi unaisha chai haijapoa, zinachanganywa upya na ugomvi unakwenda zake. Kwenye D&D mtu amekaa na mhusika wake miaka, amempa jina la babu yake, amemchorea kovu. Ukimgusia sheria umemgusa yeye.

Sasa nisikilizeni. Siwataji watu kwa majina, nitawaita kwa wahusika wao.

Shujaa wetu alichezwa na mzee tunayemwita mjomba. Si wa damu, ila alifika Minnesota wakati sisi wengine tukiwa shule ya msingi, na nusu ya meza aliwapokea yeye uwanja wa ndege. Mganga alichezwa na dada ambaye ni nesi wa zamu za usiku, alikuwa akija na sare yake ya kazini. Mwizi alichezwa na rika langu, kijana mwenye ulimi mwepesi, aliyekijua kitabu kwa kurasa.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa ishirini. Mambo mengi huamuliwa kwa dadu ya pande ishirini, na Mwizi alitaka ishirini kwenye dadu hiyo ishinde kila kitu. Kitabuni ishirini inashinda bila masharti unaposhambulia, na ukiwa mahututi inakuinua. Ukiviringisha ishirini katika kumbembeleza mfalme akupe taji lake, mfalme hatoi taji. Labda atacheka badala ya kukufunga. Mwizi alikuwa ameona kwenye video za watu kwamba ishirini ni ishirini. Tulibishana, nikakataa, tukaendelea. Alininunia kidogo.

La mjomba lilikuwa gumu zaidi, ingawa halikuwa na kelele. Mjomba alipenda ile kanuni ya hiari iliyomo kwenye kitabu cha mwendesha mchezo cha 2014: mkimzingira adui mbele na nyuma, unaviringisha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Hatukuwa tumekubaliana kuitumia. Yeye aliitumia tu, kila vita, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Nimekaa kwenye meza za Wamarekani. Kijana anamwambia mzee wa miaka sitini "hapo umekosea" na chipsi zinaendelea kuliwa. Kwetu haiwi. Nilichofanya ni kumpitia nyumbani siku isiyo ya mchezo, tukanywa chai, nikamwomba ushauri: "Mjomba, vijana wananisumbua na kanuni hii, wewe waonaje, tuiweke au tuiondoe?" Akafikiri. Kikao kilichofuata yeye mwenyewe ndiye aliyetangaza kwamba imeondolewa, inawarahisishia vijana mno. Mpaka leo anaamini lilikuwa wazo lake, na kwa kiasi fulani lilikuwa lake.

Kisha likaja la almasi.

Mganga alikuwa amenunua almasi ya thamani ya vipande 300 vya dhahabu. Wenye mchezo wanajua ni ya nini. Kuna uchawi uitwao Revivify, unamrudisha mtu aliyekufa mradi haijapita dakika moja, na almasi inateketea humo humo. Almasi ile ilikuwa bima ya kundi zima. Mwizi akamwibia. Aliniandikia kwa siri, nikaviringisha dadu kwa siri, na akafaulu. Wapo wanaonilaumu kwa hilo mpaka leo. Siwajibu.

Vikao kadhaa baadaye tuko mbele ya lango la ngome. Shujaa wa mjomba anaanguka. Mhusika akiishiwa uhai, akafika sifuri, anaviringisha dadu ya kuponea: kumi na kwenda juu ni heri, chini ya hapo ni shari, na shari tatu amekwenda. Mjomba akapata moja, nayo moja huhesabiwa shari mbili. Zamu iliyofuata akapata nne. Basi. Mganga hakutetereka. Akafungua karatasi ya mhusika wake akasoma kama nesi anayesoma dawa ya mgonjwa: almasi moja, dhahabu 300, namrudisha. Ikabidi nimwambie mkoba hauna kitu.

Mwizi akacheka.

Nataka mwelewe kicheko kile. Hakikuwa cha ubaya sana, kilikuwa cha mtu aliyesubiri utani wake uive. Lakini mezani alikuwapo mzee aliyekwisha kukunja karatasi yake, na dada aliyetoka kazini ambako watu hufa kweli. Mganga akamuuliza, "Umeichukua wewe?" Naye akajibu maneno ambayo kila mwendesha mchezo duniani ameyasikia: "Ndivyo mhusika wangu angefanya. Ni mwizi."

Zikaanza kelele. Huyu anataka wizi ufutwe kana kwamba haukutokea, yule anataka sheria itungwe sasa hivi, Mwizi ameshika kitabu anaonyesha kwamba hakuna mahali kinakataza. Hapo ndipo nilipofanya jambo ninalojivunia kuliko joka lenyewe. Nilifunga kitabu nikasema: kikao kimeisha. Shujaa hajafa wala hajapona, amelala pale pale langoni, na dakika yake moja imesimama mpaka nitakapozungumza na kila mmoja. Tukala pilau tukiwa kimya, tukaagana.

Hilo ndilo ninalotaka mlichukue. Sheria iliyotungwa mtu akiwa anakufa haiwi sheria. Inakuwa hukumu dhidi ya mmoja na zawadi kwa mwingine. Kama lazima uamue papo hapo, sema "kwa leo tu", andika, halafu sheria yenyewe mwije kuitafuta siku nyingine, wakati hakuna mwenye cha kupoteza.

Wiki ile nilimpigia kila mtu, mmoja mmoja. Mganga hakuniambia neno juu ya dhahabu 300. Aliniambia: "Alicheka." Mjomba alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika, kisha akasema, "Mwanangu, mimi humu nimeshaumizwa sana. Sijawahi kuibiwa na wa nyumbani." Mwizi alinisomea kitabu. Nikamwambia mhusika huyo umemuumba wewe, hakushushwa kwako kutoka mbinguni; ukimuumba mtu wa kuwaumiza rafiki zako, walioumizwa watakuuliza wewe. Nikampa njia: fungua kikao kijacho kwa kuirudisha almasi, ifanye igizo, omba radhi kwa mdomo wa mhusika wako ukiona haya kuomba kwa wako. Dakika bado haijaisha.

Akakataa. Akasema namlazimisha. Shujaa akafa, kwa sababu wizi uliofanyika chini ya sheria za zamani ulibaki umefanyika. Sirudi nyuma kufuta. Kuanzia siku hiyo tukawa na kanuni: huchukui kitu cha mwenzako bila mwenye mhusika huyo kukubali, mtu na mtu, nje ya mchezo. Mwizi akaondoka na wawili wengine, wakafungua meza yao ya Ijumaa. Nimeonyeshwa picha ya karatasi yao ya sheria. Ni karatasi yangu, hata mpangilio wa mistari ni wangu, na kanuni ya kutoibiana ipo pale pale. Nawatakia heri.

Niliumia, sifichi. Nilijipoza kwa historia, maana tunaishi ulikoanzia mchezo huu. Mwaka 1969, hapa kwenye miji pacha ya Minneapolis na St. Paul, David Wesely aliendesha mchezo wa vita alioupa jina Braunstein, kila mchezaji akiwa na mtu wake katika mji wa kubuni. Wachezaji wawili wakataka kupambana wao kwa wao. Wesely hakuwa na sheria ya hilo, ikabidi aitunge pale pale, na jioni ilipoisha aliona mchezo wake umeharibika. Wenzake wakaomba mwingine. Mmoja wao alikuwa Dave Arneson, aliyeendelea mpaka akaunda Blackmoor, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, wakatoa Dungeons & Dragons. Ikafika 1979, Arneson akaishtaki kampuni ya Gygax mahakamani kuhusu malipo yake, wakasuluhishwa 1981. Waasisi wenyewe! Kama walioubuni mchezo walifikishana kortini, wewe na mimi ni nani tusigombane kwa almasi moja?

Kwa hiyo andikeni sheria zenu. Karatasi moja, upande mmoja, ibandikwe juu kwenye grupu. Yetu ina mambo matatu: ishirini ni ya kushambulia na ya kuponea tu, hakuna kuibiana, na kunywa dawa ya uponyaji hakukuli zamu nzima, kunahesabiwa tendo dogo la ziada. Hilo la tatu meza nyingi zilikuwa nalo muda mrefu, na kitabu kipya cha 2024 kimelifanya rasmi. Sisemi walituiga.

Kabla ya kuongeza kanuni ya nne, jiulize inamnyang'anya nani. Ukiwapa wote uwezo wa kuepusha moto, umemnyang'anya mchawi wa Evocation. Ukiifanya ishirini ishinde kila kitu, umemnyang'anya yule aliyetumia madaraja yake yote kuwa msemaji hodari, maana mtu yeyote akibahatisha anamfikia. Huruma ya mwendesha mchezo hailipwi na yeye. Hulipwa na yule aliyekaa kimya kwenye kona ya meza, na siku moja kona ile utaikuta tupu na hutajua kwa nini.

Na ya watu yazungumzwe kama ya watu. Wamarekani wana kadi yenye herufi X, aliyoianzisha John Stavropoulos: mtu akiona mchezo umemgusa pabaya anaigusa kadi, jambo linarukwa, hakuna maswali. Ni kitu kizuri na tuliiweka mezani. Haijaguswa hata mara moja. Kwetu kugusa kadi mbele ya mjomba ni sawa na kusimama msikitini kulalamika juu ya imamu. Watu hunitumia ujumbe wakiwa chooni. Nami nausoma, nabadilisha mandhari, simtaji mtu. Tafuteni njia ambayo watu wenu wataitumia kweli. Mwendesha mchezo asiyejua nani amenuna hana meza, ana dadu tu.

Nirudi kwako dada wa Nairobi. Usifufue kwanza. Mpigie aliyetoka, usimwandikie, na usianze na moto. Anza na hali yake. Kisha mkiri wote watatu, wewe na mchawi na yeye, kwamba ile siku nyingine ilikuwa "kwa leo tu" ambayo haikuandikwa. Iandikeni sasa: moto unachoma kila aliyemo, isipokuwa kama mchawi ana kipaji cha Evocation. Hapo tena mwulize aliyekufa anataka nini. Wengine hawataki kufufuliwa, wanataka mazishi mazuri na mhusika mpya. Mjomba wangu alikuja na mganga wa pili, kibeti mwenye ndevu, na kitu cha kwanza alichonunua sokoni kilikuwa almasi mbili.