Kapteni aliyetangulia vifaru kwa miguu

Tulipomtaja Kapteni Clement Robertson, ofisa wa vifaru wa jeshi la Uingereza aliyeuawa Ubelgiji tarehe 4 Oktoba 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wasomaji walituandikia. Tunajibu machache.

Ni kweli alizaliwa Afrika?

Kweli. Alizaliwa Pietermaritzburg, Afrika Kusini, mwaka 1890, katika familia ya Ireland. Alisomea uhandisi Trinity College, Dublin, kisha akafanya kazi ya umwagiliaji Misri.

Ofisa wa vifaru alifuata nini nje ya kifaru?

Alifuata njia. Kifaru cha wakati huo, aina ya Mark IV, kilibeba watu 8 na kilikuwa na uzito wa tani 28 hivi. Injini ilinguruma humo humo walimokaa, na dereva alichungulia kwenye tundu dogo tu. Ardhi ya Ypres, mji wa Ubelgiji walikopigana, nayo ilikuwa imechimbuliwa na makombora ikawa tope tupu. Kifaru kikipotea njia kidogo, kinazama shimoni na hakitoki.

Basi tangu tarehe 30 Septemba Robertson na askari aliyemhudumia, Cyril Allen, walihangaika kutafuta njia huku makombora yakiwaangukia, wakitandaza utepe chini ili vifaru viufuate. Walimaliza usiku wa tarehe 3. Saa 9 usiku vifaru vilikuwa tayari. Saa 12 alfajiri akaviongoza kushambulia kijiji cha Reutel. Barabara ilikuwa imebomoka kwa karibu mita 450, naye akatangulia kwa miguu, akiwaacha nyuma hata askari wa miguu, bunduki za rashasha zikimlenga. Vilipoifikia barabara iliyokusudiwa, risasi ikampiga kichwani. Vifaru vikasonga mbele na kushinda.

Alijua kwamba atakufa?

Tangazo rasmi la nishani yake linasema bila shaka alijua, nami naliamini, maana hakuna aliyeifahamu ardhi ile kumshinda. Linasema pia kwamba aliviongoza kwa uangalifu na subira. Subira hiyo, chini ya risasi, ndiyo inayonigusa kuliko yote.

Alituzwa?

Alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, ya kwanza katika Kikosi cha Vifaru. Amezikwa makaburi ya Oxford Road, karibu na Ypres.

Na Allen?

Asisahaulike huyu. Naye alipewa nishani ya ushujaa. Aliuawa tarehe 20 Novemba 1917, siku ya kwanza ya mapigano ya Cambrai, Ufaransa, wiki chache kabla nishani ya kapteni wake haijatangazwa.